Amekatwa Wapi?

"Amekatwa wapi?" jirani aliuliza siku ile, amesimama upande wake wa ukuta na beseni la nguo mbichi kiunoni.

"Kule juu," mama yake Chokaa alimjibu.

"Ah, basi mshukuru Mungu. Kule wanajua kazi. Mimi wangu wote watatu nimejifungulia kule."

Yakaisha hapo. Hakuna aliyecheka, maana hapakuwa na cha kuchekesha. Hospitali kubwa iko mlimani, na mtaani kwao hakuna anayeitaja kwa jina lake refu lililoandikwa getini. Mtu amelazwa kule juu, mtu anasubiri majibu ya kule juu, mtu ametoka kule juu jana na anaendelea vizuri. Hata mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukosea.

Chokaa alikuwa mpaka rangi. Jina hilo walimpa wenzake kazini kwa sababu kila jioni alirudi na kope nyeupe kama mtu aliyezeeka kwa siku moja. Mguu wake wa kulia uliingiwa na msumari wenye kutu, akaupuuza, ukaoza, ukakatwa upana wa kiganja kimoja na nusu chini ya goti. Goti lenyewe lilibaki zima. Daktari alimwambia mkewe kwamba hiyo ni neema kubwa, na mkewe akaitikia bila kuelewa, kwa kuwa siku ile hakuona neema yoyote kitandani pale.

Wiki sita baadaye simu ya mke wa Chokaa ililia juu ya meza. Mwenyewe alikuwa bombani, kwenye foleni ya maji. Chokaa alikuwa uani, amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, anafunga bandeji kwenye kigutu kama alivyofundishwa, kwa mshazari, chini ikaze na juu ilegee. Mama yake ndiye aliyeipokea ile simu, akaishika kwa mikono miwili.

"Habari za asubuhi, mama. Hapa ni karakana ya viungo bandia, mimi ndiye karani. Ninyi ndio familia ya yule mpaka rangi?"

"Ndiyo, mwanangu. Mimi ni mama yake mzazi."

"Tumepata msaada wa miguu. Ni bure, lakini mafundi wageni wanakaa siku tano tu. Najaza orodha. Mguu upi?"

"Wa kulia."

"Amekatwa wapi?"

"Kule juu."

"Juu?"

"Juu, mwanangu. Kwani kuna pengine?"

"Una uhakika, mama? Maana nikishaandika nimeandika."

Yule bibi alikereka kidogo. "Uhakika? Si mimi niliyepanda ule mlima siku kumi na tisa na chupa ya chai mkononi?"

Hayo ya mlima na chupa karani aliyasikia nusunusu, akayahesabu kuwa ni maneno ya wazee. Aliandika neno moja tu, *juu*, akalipigia mstari, akamgeukia mgonjwa mwingine kwenye karatasi yake.

Bibi aliweka simu mezani taratibu kama anayeweka yai. Akapiga magoti palepale kando ya kiti, akamshukuru Mungu kwa sauti hadi Chokaa akauliza kutoka uani kuna nini.

"Wamepiga. Jina lako limeingia," alisema. "Nimewajibu yote sawasawa."

*

Siku mbili baadaye msimamizi wa ujenzi alifika, kalamu sikioni na futi ya kukunja mfukoni. Alikataa kiti, kisha akakikubali, kisha akakikalia ukingoni tu, kama mtu aliyekuja kusema neno zito.

"Ile shule tunaanza kuipaka tarehe moja. Ghorofa tatu, ndani na nje," alisema. "Nimekuwekea nafasi."

"Nafasi ipi?" Chokaa aliuliza.

"Getini. Kiti kizuri, kina mto. Unaandika namba za magari, lori la mchanga likija unapiga filimbi. Kazi ya kivulini, ndugu yangu."

Chokaa alikuwa na miaka kumi na minne ya brashi. Angeweza kuangalia ukuta uliopigwa jua kwa miaka mitano akasema ni vijiko vingapi vya kahawia viongezwe kwenye nyeupe ili kiraka kisionekane. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ufagio.

"Mimi ni mpaka rangi," Chokaa alisema.

"Mimi najua. Ngazi haijui." Msimamizi alisimama. "Sikiliza. Sina ubaya na wewe. Nikikuona kwa macho yangu unapanda ngazi na kushuka, bila kushikwa na mtu, brashi yako ipo palepale ulipoiacha. Usipopanda, nakuletea filimbi. Shemeji, kwaheri. Mama, kwaheri."

Alipotoka, Chokaa aliendelea kuutazama mlango.

"Utapanda," mkewe alisema.

"Kwa mguu gani?"

"Wa karakana. Si jina limeingia?"

"Limeingia," bibi aliitikia kutoka chumbani, ingawa hakuna aliyemwuliza.

*

Karakana ilikuwa nyumba ndefu yenye paa la bati na harufu ya gundi, jasho na plastiki iliyopashwa moto. Nje kulikuwa na mabenchi matatu, na kila benchi lilikuwa na magongo yameegemezwa ukutani kama mafagio dukani. Chokaa alikaa katikati ya mkewe na mama yake. Mbele yao alikaa dereva wa lori, mtu wa tumbo na kicheko, suruali yake imekunjwa na kubanwa kwa pini upande wa kushoto, juu kabisa, karibu na mfuko.

"Wewe wa juu au wa chini?" dereva alimwuliza.

"Vipi wa juu?"

"Juu ya goti au chini ya goti? Hapa hatuitani kwa majina."

"Chini."

"Bahati yako. Ila utuheshimu sisi wa juu. Hatumpigii mtu magoti." Alicheka mwenyewe kwanza, wengine wakafuata. "Mimi hata kwenye orodha simo. Nilichelewa, miguu ya juu ikajaa. Leo ni siku yangu ya tatu hapa, tangu kabla mafundi wageni hawajafika, nangoja mmoja asitokee. Mungu anisamehe, nawaombea wenzangu wapate dharura ndogo tu. Mafua hivi."

"Usiombe hivyo," bibi alimwambia.

"Mafua, bibi. Si kifo."

Mlango ukafunguliwa. Karani alitoka na karatasi zake, kijana wa shati lililopigwa pasi na viatu safi kuliko vya mtu yeyote pale. "Mpaka rangi! Kulia, juu!"

Chokaa alisikia lile neno lakini hakulitilia maanani. Alikuwa anashughulika na magongo. Dereva alilisikia vizuri. Kicheko kikamkauka, akamtazama Chokaa gotini.

Ndani, fundi wa miguu alikuwa anangoja. Alikuwa mama wa makamo, mikono yake imepauka kwa plasta hadi kwenye viwiko, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Juu ya meza palikuwa na sanduku lililofunguliwa, na ndani yake mguu: kikombe cha kuingizia kigutu, kirefu kama ndoo nyembamba, mkanda wa kufunga kiunoni, goti la chuma lenye bawaba na kitasa, bomba, na mwisho unyayo wa mpira wenye vidole vilivyochorwa tu.

"Kaa. Pandisha suruali," alisema. Chokaa akapandisha. Yule mama alikitazama kigutu, akalishika goti, akalikunja na kulinyoosha mara mbili. Kisha akavaa miwani, kana kwamba goti lingeondoka akilitazama vizuri.

"Huyu ana goti lake."

"Imeandikwa juu," karani alisema.

"Naona ilivyoandikwa. Na mguu nauona pia."

Karani alipekua karatasi, akageuza, akarudisha. Masikio yalianza kumwiva. "Niliuliza mara mbili. Nilimpigia mwanamke wa nyumba hiyo, nikamwuliza, akasema juu. Nikamwuliza una uhakika, akaniambia ana uhakika." Alimgeukia mke wa Chokaa. "Wewe mama, mnafanya hivi kwa nini? Goti la chuma bei yake tunaijua. Watu wanaandikisha wa juu, wanapewa, wanakwenda kuuza goti sokoni. Si wa kwanza ninyi."

Mlango ulikuwa wazi. Mabenchi yote matatu yalisikia.

"Sisi si wezi," mke wa Chokaa alisema, na sauti yake ilitoka ndogo, jambo lililomchukiza mwenyewe. "Mimi sijaongea na wewe hata siku moja."

"Namba si yako hii?"

Akaisoma. Ilikuwa yake.

Chokaa alimgeukia mkewe. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumtazama vile, hata siku mkewe alipomwaga ndoo nzima ya rangi ya bluu. "Ulimwambia juu?"

"Sikumwambia chochote."

"Namba ni yako."

"Naapa mbele ya Mungu, baba watoto, sikuongea naye."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, pindo la nguo yake mkononi. Mwanzoni hakuelewa ugomvi ni wa nini. Juu, chini, goti, sanduku. Kisha lile neno likamrudia likiwa na sauti yake mwenyewe. Hakuna aliyemtazama. Mkwe wake alikuwa amesimama katikati ya chumba kama mtu aliyevuliwa nguo, na angeweza kuachwa pale. Simu ilikuwa ya mkwe. Mzee akikaa kimya, nani atamwuliza?

Alishika ukuta, akainuka.

"Ni mimi," alisema.

"Mama, kaa," Chokaa alisema.

"Sikai. Mwacheni huyo mtoto wa watu. Simu niliipokea mimi, yeye alikuwa bombani. Huyu kijana aliniuliza amekatwa wapi. Nikamwambia kule juu." Alimtazama karani. "Kule juu, mwanangu. Hospitalini. Si amekatiwa kule juu, mlimani?"

Fundi wa miguu alivua miwani. Mabega yake yalianza kutikisika kabla ya kicheko kutoka, na kilipotoka kilishika mabenchi yote.

"Karani!" dereva wa lori alipiga kelele kutoka nje, machozi yakimtoka. "Na mimi niandike! Mimi nimekatwa barabarani!"

Hata Chokaa alicheka, ingawa hakutaka. Mkewe hakucheka. Alikwenda akasimama karibu na mkwewe, akamshika kiwiko.

*

Kicheko kilipoisha, sanduku lilikuwa bado mezani, na mguu ndani yake ulikuwa bado wa mtu mwingine.

"Basi nipeni huohuo," Chokaa alisema. "Mtaukata ufupi, au vyovyote. Nina ngazi ya kupanda tarehe moja."

"Ukivaa huu utakuwa na magoti mawili kwenye mguu mmoja, kama panzi," fundi alimjibu.

"Lakini mwanangu," bibi aliuliza taratibu, aliyekwisha kuaibika na sasa hakuogopa kuonekana mjinga, "kwani mguu si mguu tu?"

Fundi hakumcheka. Alimwongoza kwenye rafu ya ukutani, miguu imepangwa kama vyombo vya jikoni.

"Tazama, mama. Huu ni wa mtu aliyekatwa kwenye kifundo. Hauna hata bomba, ni kama buti tu, kwa sababu ugoko wake anao. Huu ni wa aliyekatwa gotini penyewe. Bawaba nimeziweka ubavuni, maana ningeweka goti chini ya kigutu, akikaa lingetokeza mbele kupita la pili, kila mtu angelikodolea macho. Ule mkubwa ni wa paja. Kikombe kinapanda mpaka huku, mtu anakalia mfupa wake wa makalio kila anapokanyaga. Lile kapu pale juu ni la aliyekatwa nyonga, analivaa kiunoni kama mkanda. Sasa mwanao uzito wake utabebwa hapa." Alibonyeza vidole gumba viwili chini ya pia ya goti la Chokaa. "Goti lake linafanya kazi, lina akili kuliko chuma changu chochote. Ngazi atapanda. Lakini kikombe lazima kifuate umbo lake yeye, mifupa yake yeye. Sina cha rafuni."

"Basi mtengenezeeni," mke wa Chokaa alisema.

"Masanduku ya chini yote yana wenyewe," karani alisema, lakini safari hii kwa upole. "Orodha imefungwa. Nitamwandika kwenye ya mwakani."

Mwakani. Chokaa aliitazama mikono yake. Mkewe alijua anachokiona: filimbi.

Fundi hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameinamia sanduku, ameshika ufunguo mdogo wa chuma, anafungua skrubu. Akatoa mkanda, akauweka kando. Akatoa kikombe kirefu, akakiweka kando. Akatoa goti, akalipima uzito kiganjani. Yakabaki mkononi mwake bomba na unyayo wa mpira.

"Unyayo ni wa kulia," alisema. "Bomba naweza kulikata. Kikombe cha sandukuni ni cha mfano tu, vyote tunatengeneza hapahapa kwa plastiki, na plastiki ninayo. Tofauti yote iko kuanzia hapa kwenda juu. Kuanzia hapa kwenda chini, wa juu na wa chini ni ndugu."

"Na goti?" karani aliuliza. "Nitaandika limekwenda wapi? Sanduku moja, mtu mmoja, ndivyo orodha inavyosema."

"Goti halina kulia wala kushoto." Fundi alinyanyua sauti bila kugeuka. "Dereva!"

"Naam!"

"Umekatwa upande gani?"

"Kushoto, fundi!"

"Nina bomba na unyayo wa kushoto uliotumika, nyuma umelika kidogo. Unautaka?"

Nje likasikika gongo likianguka, na dereva wa lori akatokea mlangoni kwa mguu mmoja akiwa ameshika fremu, mkono wa pili tayari unafungua pini ya suruali.

"Mpeni kiti," bibi alisema.

Karani alibaki na kalamu yake hewani. Mwishowe alikata neno *juu*, akaandika *chini*, na mstari uliofuata, pembeni, nje ya jedwali, akaandika *dereva, kushoto, juu*. Akafikiri kidogo. Akaongeza *ya goti*.

*

Plasta ilikuwa ya baridi. Fundi alikivisha kigutu soksi nyembamba, akachora kwa kalamu ya wino mahali mifupa ilipotokeza, akazungusha bandeji iliyolowa, kisha akabonyeza vidole gumba palepale chini ya pia ya goti na kungoja ikauke.

"Usicheke."

"Inatekenya."

"Ukicheka kikombe kitacheka nawe miaka mitatu."

Ilipotolewa ilikuwa nyeupe pee, umbo lake kamili, hata kovu la mshono lilionekana.

"Chokaa amepata mguu wa chokaa," mkewe alisema, na huo ulikuwa utani wake wa kwanza tangu msumari.

Siku ya tatu alisimama katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, dereva wa lori akiwa upande wa pili wa vyuma hivyohivyo. Chokaa alitembea siku hiyohiyo, kwanza kwa mikono, baadaye kwa vidole tu. Dereva alichukua muda zaidi. Kila hatua ilimbidi aurushe mguu mbele na kungoja goti lijifunge kabla ya kuliamini. Mara mbili halikujifunga, akaning'inia kwenye vyuma kama nguo kwenye kamba.

"Wewe unakanyaga tu," alimwambia Chokaa, anahema. "Mimi naomba ruhusa kwanza."

"Si mlisema hampigi magoti?"

"Hili la chuma bado halijaambiwa." Walicheka. Kisha dereva akasema kwa sauti ya chini, "Tumegawana mguu mmoja, ndugu yangu. Mama yako akipiga simu tena mwambie asibadilishe maneno."

Jioni ya siku ya tano, nyumbani, bibi alimkuta mkwe wake jikoni akiosha masufuria.

"Mkwe wangu. Siku ile. Nilikaa kidogo kabla sijasimama."

"Nilikuona, mama."

"Uliniona?"

"Nilikuona umeshika pindo."

Mke wa Chokaa alisuuza sufuria, akalipindua likauke.

"Lakini ulisimama," alisema. "Nipe hicho kitambaa."

*

Msimamizi alikuja tarehe moja yenyewe, asubuhi, kabla watu hawajamaliza chai. Jirani alikuwa amekwishafika kuomba chumvi na kukaa. Msimamizi aliingia haraka, akatoa filimbi mfukoni, mpya, yenye kamba nyekundu, akaiweka mezani karibu na kikombe cha Chokaa.

"Nimeikumbuka," alisema, kama mtu aliyeleta zawadi.

Chokaa hakuigusa. Alikuwa amevaa suruali yake fupi ya kazi. Kwa siku nne alikuwa ameketi uani na makopo yake madogo, akichanganya kahawia na nyekundu na tone la kijani, akiupaka mguu mpya na kuulinganisha na wa kushoto juani na kivulini, kwa sababu rangi ya plastiki waliyokuja nayo mafundi, alisema, ilikuwa ya mtu aliye mgonjwa wa ini. Msimamizi alitazama miguu yote miwili chini ya meza, akasita. Hakujua ni upi.

Chokaa aliinuka, akatoka uani. Ngazi ilikuwa imelala kando ya ukuta, ile ndefu ya mbao yenye madoa ya nyumba zote alizowahi kupaka. Mkewe alipiga hatua kwenda kumsaidia kuisimamisha. Alimtazama tu, naye akarudi nyuma. Akaisimamisha mwenyewe, akaitikisa, akaiegemeza kwenye paa.

Alitanguliza mguu wa kushoto. Wa kulia ukafuata, goti likakunjika, likanyooka, unyayo wa mpira ukakaa kwenye kipandio. Kushoto tena. Bibi alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza. Jirani alihesabu vipandio kwa sauti hadi mke wa Chokaa akamfinya. Juu kabisa Chokaa aliachia mkono mmoja, akapapasa ukingo wa bati kama anayekagua vumbi, akakaa hapo muda ambao hakuna aliyeona haja ya kuuharakisha. Kisha akashuka, safari hii akitanguliza wa kulia, taratibu, akikitafuta kila kipandio kwa goti lake mwenyewe. Alipokanyaga chini jasho lilikuwa linamtiririka, lakini mikono ilikuwa mikavu.

Msimamizi alichukua filimbi mezani, akairudisha mfukoni.

"Haya," alisema. "Hayo ndiyo niliyotaka kuyaona." Akajikuna shingo. "Kesho basi. Leo wameshaanza."

Chokaa alikuwa anaangalia kiatu cha msimamizi. Kwenye ncha palikuwa na tone la rangi lililokauka.

"Hiyo ndiyo krimu yenu?"

"Ndiyo. Wameichanganya jana."

"Hiyo si krimu. Hiyo ni manjano."

Msimamizi alikitazama kiatu. "Nami niliona kama imekolea."

"Mmepaka wapi?"

"Ukuta mmoja wa ghorofa ya kwanza, alfajiri hii."

Mke wa Chokaa alikuwa amekwishaingia ndani. Alitoka na ndoo yenye brashi, zimefungwa kwenye kitambaa alichokifua mwenyewe wiki ile ile walipotoka hospitali, wakati hakuna aliyezungumzia kazi. Alimkabidhi. Chokaa alitazama kitambaa, akamtazama yeye.

"Jamani," jirani aliuliza, ameshika chumvi yake, "shemeji ndiyo anakwenda wapi tena saa hizi?"

Bibi alifungua mdomo. Akaufunga. Akajiweka sawa kitini, akamgeukia jirani, akaanza kuhesabu kwa vidole ili pasiwe na makosa.

"Anakwenda kazini," alisema. "Kwenye jengo la shule mpya. Ghorofa ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu. Kwa ngazi. Kwa miguu yake miwili. Umesikia vizuri, au nirudie?"

Chokaa alipita katikati yao, akafungua geti kwa goti, akatoka.